Moshi wa kiwanda cha kemikali: swali la kwanza sio upepo unaelekea wapi

Mpima Upepo (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kila kiwanda cha kemikali kikiungua mahali, video zinasambaa na watu wanaulizana jambo lile lile: upepo unaelekea wapi? Anatokea mmoja anachora mshale kwenye ramani, kazi imekwisha. Mimi kazi yangu ni hali ya hewa, na programu za kukadiria moshi utafika wapi nimezikalia usiku na mchana, kwa hiyo naomba nipinge kidogo. Upepo ni swali la tatu. La kwanza ni kitu gani kinatoka na kina joto kiasi gani. La pili ni kama hewa ya saa hiyo ina kifuniko au haina. Ukikosea hayo mawili, mshale wako unaweza ukawa umenyooka vizuri kabisa na bado watu wakafa.

Nichukue matukio mawili, yote ya Desemba, yote hewa ya baridi iliyotulia.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, jiji la Bhopal, India. Maji yaliingia kwenye tangi namba 610 la kiwanda cha viuatilifu cha Union Carbide. Mle ndani mlikuwa na takriban tani 40 za methili isosayaneti. Maji na hiyo kemikali havikai chungu kimoja: tangi lilichemka, presha ikapanda, vali ikafunguka. Moto haukuwaka, wala hapakuwa na nguzo ya moshi mweusi ya kumshtua mtu aliye mbali. Mtambo wa kuifua gesi ile kabla haijatoka haukufua kitu, mnara wa kuiunguza ulikuwa umekatwa bomba, na mtambo wa kupoza tangi ulizimwa miezi kadhaa nyuma. Gesi yenyewe ina uzito karibu mara mbili ya hewa. Ikashuka, ikatambaa na upepo mdogo kuelekea kusini, kwenye vibanda vya maskini waliojenga mbele ya geti la kiwanda. King'ora cha nje kililia kidogo kikazimwa. Watu waliamshwa na macho kuwaka. Serikali ya jimbo la Madhya Pradesh ilithibitisha vifo 3,787, na vyama vya waathirika vinataja idadi kubwa kuliko hiyo kwa mbali. Waliodhurika walizidi nusu milioni.

La pili: Jumapili tarehe 11 Desemba 2005, ghala la mafuta la Buncefield, karibu na mji wa Hemel Hempstead, Uingereza. Saa 12 na dakika moja asubuhi palilipuka. Matangi zaidi ya 20 yakashika moto, ukawaka kwa siku kadhaa. Moshi ule ulionekana kwenye picha za setilaiti kama wino uliomwagika juu ya kusini yote ya Uingereza. Ungeniuliza mimi siku ile nikiwa kijana nisiyejua kitu, ningesema London imekwisha. Waliojeruhiwa walikuwa 43, na karibu wote ni kwa mlipuko. Hakuna aliyekufa. Vipimo vya hewa kule chini havikuonyesha jambo kubwa.

Kwa nini moshi wa kutisha haukuua na gesi isiyoonekana iliua? Nashusha sehemu ya pili, msiondoke.

Nyundo ya Chuma

Nimekaa mbele kabisa. Shusha mkuu.

Binti Kigamboni

Subiri kwanza. Hivi Buncefield si ni mafuta tu, na Bhopal ni sumu? Unalinganisha chungwa na pilipili.

Mpima Upepo

Hoja nzuri dada, na una haki nusu. Sumu ya Bhopal ilikuwa kali zaidi, hilo sibishi. Lakini moshi wa petroli na dizeli inayoungua una masizi laini ambayo mapafu hayayapendi hata kidogo, na pale kulikuwa na moshi wa matangi ishirini na kitu. Ungelala juu ya mji siku nne, hospitali zingejaa. Haukulala. Ndio tunafika kwenye kifuniko.

Aliyewahi kulala Njombe au Mbeya miezi ya baridi ameiona hii bila kusoma kitabu. Alfajiri moshi wa majiko unapanda kidogo, unafika usawa fulani, halafu unajilaza juu ya mabati kama shuka. Saa nne jua likishachoma, moshi ule ule wa jiko lile lile unapanda ukipindapinda mpaka unapotea. Usiku usio na mawingu ardhi inapoteza joto, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu. Hewa baridi ni nzito, haina sababu ya kupanda. Hapo kunakuwa kama sufuria lenye kifuniko: kilichoko ndani kinabaki ndani.

Sasa angalia ujanja wa Buncefield. Kabla ya mlipuko, tangi namba 912 lilikuwa likifurika. Kipimo cha kina kilikwama, na swichi ya kuzima pampu tangi likijaa nayo haikufanya kazi. Petroli zaidi ya lita 250,000 ilimwagika kutoka juu, ikatengeneza mvuke. Mvuke ule ulikuwa wa baridi na mzito, hewa imetulia, kwa hiyo ulitandaa chini kama ukungu mpaka ukavuka uzio. Kamera za ulinzi ziliuona ukipita. Kifuniko kiliufungia chini, ukakolea, ukapata cheche.

Baada ya mlipuko mambo yaligeuka. Moto ulikuwa mkali kiasi kwamba moshi ulitoboa kifuniko, ukapanda karibu kilomita 3, ukatandaa huko juu. Na kifuniko kile kile kilichosababisha mlipuko sasa kikawa sakafu: kikauzuia moshi usirudi chini. Ofisi ya hali ya hewa ya Uingereza ilikuwa inafuatilia kwa modeli yao inayoitwa NAME, ambayo ilizaliwa baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya 1986, na ndege ya utafiti ikatumwa kupita ndani ya moshi kuuchukulia vipimo. Hewa ni ile ile ya asubuhi moja. Chini ya kifuniko ilileta maafa, juu yake ikaokoa watu.

Ndiyo maana nikiona kiwanda kinaungua, kabla ya mshale wa upepo natazama shingo ya moshi. Ukipanda wima kwa nguvu, nawaza watu wa mbali, masizi na mvua. Moto ukianza kufifia na moshi ukalegea, ukakunja shingo, hapo ndipo napata wasiwasi na majirani. Wengi hufanya kinyume: moto ukipungua wanasogea kutazama.

Fundi Friji

Mkuu hapo kwenye uzito nataka kuuliza. Mimi nafunga mitambo ya kupoza ya viwanda vya samaki. Amonia tumefundishwa ni nyepesi kuliko hewa, inapanda. Kwa hiyo ikivuja hakuna shida kwa majirani?

Mpima Upepo

Fundi, hilo swali lina thamani kuliko uzi wangu wote. Amonia iliyopashwa joto la kawaida ni nyepesi, kweli. Lakini kwenye mitambo yenu imekaa kama kimiminika chini ya presha. Bomba likipasuka inatoka imepoa vibaya sana, imechanganyika na matone madogo madogo, na inagandisha unyevu wa hewa. Utaona ukungu mweupe unatambaa chini kama gesi nzito. Inapanda baadaye, ikishapata joto. Aliye mita mia kutoka pale hatasaidiwa na jedwali la kemia linalosema ni nyepesi. Ndiyo maana narudia: kitu gani, na kina joto gani.

Kidawa wa Dege

Haya sasa, utabiri wenyewe unafanyikaje? Maana umesema programu.

Mpima Upepo

Mwaka 1961 Mwingereza Frank Pasquill alitoa njia rahisi kabisa. Hakutaka vifaa vya ghali. Alisema niambie kasi ya upepo, ukali wa jua, na usiku niambie mawingu yamefunika kiasi gani, nitakuainishia hewa kwa herufi kuanzia A hadi F. A ni mchana wa jua kali na upepo mdogo, hewa inakoroga kama mwiko. D ni siku ya mawingu au upepo mwingi. F ni usiku mweupe wa nyota na upepo hafifu, kifuniko kimebana. Kila herufi ina upana wake wa kusambaa kwa moshi, ukiingiza kwenye mlinganyo unapata mkusanyiko wa sumu kila umbali. Zaidi ya miaka sitini, na herufi zile bado zipo ndani ya programu ambazo wazima moto wanatumia leo. Mimi huwa nashangaa kila nikifikiria.

Moja ya programu hizo ni ALOHA, imetengenezwa na idara za serikali ya Marekani, na ni ya bure. Unachagua kemikali, unaingiza upepo, joto, mawingu, ukubwa wa tundu la tangi, inakuchorea maeneo matatu: jekundu, chungwa, njano. Dakika chache tu. Pembeni inaongeza mistari ya tahadhari, maana upepo hutangatanga. Upepo ukiwa mdogo sana mistari hiyo inazunguka kiwanda chote kama duara, ambayo ni njia ya kompyuta ya kukwambia "hapa sijui". Na chini ya mita 1 kwa sekunde inakataa kabisa kupiga hesabu. Kumbe hewa ya namna hiyo ndiyo mbaya kuliko zote!

Halafu kuna jambo ambalo watu wanaopakua programu hii hawalisomi: haihesabu moshi wa moto wa kemikali, wala mchanganyiko wa kemikali, wala milima na mabonde, na haivuki kilomita 10. Ni ya tangi lililotoboka uwanda wa tambarare. Kwa moshi wa kwenda mbali kuna HYSPLIT, nayo ya Wamarekani, mtu yeyote anaweza kuiendesha mtandaoni. Hiyo inachukua upepo wa tabaka mbalimbali za anga na kufuata chembe zinavyosafiri. Lakini bado utaiambia wewe moshi umeanzia urefu gani. Ukiidanganya, itakudanganya kwa picha nzuri yenye rangi.

Nyundo ya Chuma

Si siku hizi kuna akili bandia? Ipewe data, itoe jibu. Mambo ya A mpaka F ya mwaka 61 ya nini.

Mpima Upepo

Itafundishwa na nini mkuu? Ajali kubwa zilizopimwa vizuri ni chache, kwa hiyo wanaifundisha kwa matokeo ya modeli hizi hizi za zamani. Inakuwa na mbio, na mbio ni jambo kubwa, sidharau. Ila haiwezi kujua ghala la kona lilikuwa na nini.

Na hapo ndipo penye kidonda. Tianjin, China, tarehe 12 Agosti 2015: wazima moto walikwenda kwenye moto wa ghala la bandarini bila kujua kwa hakika kimehifadhiwa nini. Walikufa watu 165 na wengine 8 hawakuonekana tena, na wengi wao walikuwa wazima moto wenyewe. Palikuwa na sayanaidi ya sodiamu, sumu kali, kama tani 700. Hata ungekuwa na kompyuta ya ukubwa gani, hesabu yako ingeanza na neno "pengine".

Mvuvi Mstaafu

Nasoma kimya kimya lakini hapa pa upepo niingie. Sisi watu wa pwani hatuhitaji hiyo F yenu. Usiku kucha mpaka alfajiri kuna umande, unatoka bara kwenda baharini, mpole, baridi. Ngalawa inatoka nao. Mchana upepo wa bahari unageuka unaingia nchi kavu, unakurudisha nyumbani. Na hapo bado kaskazi na kusi. Sasa mtu akichora mshale mmoja asubuhi, jioni mshale huo ni wa nini?

Mpima Upepo

Mzee shikamoo. Umemaliza somo la mhula mzima. Na umeniletea mfano mwingine.

Tarehe 29 Septemba 2024, mji wa Conyers, jimbo la Georgia, Marekani. Ghala la kampuni ya BioLab la dawa za kusafishia mabwawa ya kuogelea. Vinyunyizio vya maji vya kuzimia moto vilipata hitilafu vikamwagia kemikali ambazo hazitakiwi kuguswa na maji. Moshi wenye klorini ukapanda. Watu takriban 17,000 waliambiwa wahame, na wengine zaidi ya 90,000 wakaambiwa wajifungie ndani. Hayo ni ya siku ya kwanza. Kilichonivutia ni siku zilizofuata: wanaoishi ndani ya maili 2, kama kilomita 3, waliamriwa kujifungia kila siku kuanzia saa 1 jioni hadi saa 1 asubuhi. Mchana waendelee na shughuli zao. Kisa? Mchana jua linaukoroga na kuupandisha moshi, usiku kifuniko kinashuka na moshi unalala. Wenzetu wa Atlanta, mbali kiasi kile, walikuwa wanaamka asubuhi na harufu ya klorini.

Huo ndio utabiri ninaoutaka. Hawakutoa ramani yenye mshale. Walitoa ratiba, na mtu yeyote anaweza kuifuata.

Binti Kigamboni

Hapa nimekuelewa. Ila na mimi niseme. Nilikopanga zamani kulikuwa na kiwanda jirani, sitakitaja. Harufu ilikuwa inakuja usiku tu. Tukilalamika tunajibiwa kwamba wanapunguza uzalishaji usiku, kwa hiyo haiwezekani. Tukaonekana waongo. Kumbe!

Mpima Upepo

Inawezekana walisema kweli na ninyi mlisema kweli. Moshi nusu ndani ya sufuria lililofunikwa unakera kuliko moshi mzima ndani ya sufuria lililo wazi.

Kidawa wa Dege

Sawa, utabiri umepatikana. Nani anatuambia? Maana hapo ndipo tunapokufa.

Mpima Upepo

Dada Kidawa, umegusa Rouen bila kuitaja.

Rouen, Ufaransa, usiku wa tarehe 26 Septemba 2019. Moto ulianza kama saa 8:40 usiku kwenye kiwanda cha Lubrizol na maghala ya jirani. Karibu tani 10,000 za kemikali na vilainishi ziliungua, na paa la simenti yenye asbesto likaungua pia. Moshi ulichora ukanda wa urefu wa kilomita 22 na upana wa kilomita 6 kuelekea kaskazini mashariki. Mwelekeo ulijulikana mapema. Lakini ving'ora vililia kama saa 2 asubuhi. Mkuu wa utawala wa mkoa alieleza kwamba aliona kuwaamsha watu usiku kungewatoa nje kwa hofu, na nje ndiko kwenye moshi.

Mimi uamuzi ule nimeugeuza kichwani mara nyingi. Kwa hewa, hakukosea sana: aliyelala ndani madirisha yamefungwa alikuwa salama kuliko anayekimbia. Bhopal waliokimbia walivuta zaidi, kwa sababu anayekimbia anahema, na wengi walikimbia njia moja na wingu. Lakini watu wa Rouen waliamka wakakuta wingu jeusi juu ya paa na hakuna aliyewaambia kitu. Kuanzia hapo hata vipimo vilivyokuwa vizuri hawakuviamini. Orodha ya kwanza ya vilivyoungua ilitoka tarehe 1 Oktoba, siku tano baadaye, na wakati huo masizi yalikuwa yameshashuka na mvua kwenye mashamba. Wafugaji wa vijiji na miji zaidi ya 200 walizuiwa kuuza maziwa zaidi ya wiki mbili, wakawa wanakamua na kumwaga. Mwaka 2022 Ufaransa ilianza kutumia mfumo wa kutuma tahadhari moja kwa moja kwenye simu zilizo ndani ya eneo la hatari.

Piga hesabu ndogo. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao bendera haipepei, unasafiri kilomita 3 kwa dakika 25. Toa dakika kumi za mlinzi kutafuta namba ya bosi. Toa dakika kumi za bosi kutafuta nani aruhusu tangazo. Zimebaki tano.

Fundi Friji

Kwa hiyo mtu wa kawaida afanye nini? Maana simu haijalia, kompyuta hana.

Mpima Upepo

Kama ni wingu la kutambaa na uko karibu sana, usikimbie kulifuata wala kulikimbilia. Katisha upande, upepo ukupige begani, na panda mwinuko kama upo, maana gesi nzito hupenda mitaro na mabonde. Kama uko mbali au huna pa kukatisha, ingia ndani, zima feni na kiyoyozi, ziba. Hapa nyumba zetu zina taabu: dirisha la nyavu, na matundu ya hewa juu ya ukuta. Chagua chumba chenye matundu machache, khanga mbichi kwenye nafasi na nyingine puani. Hii si kinga ya kudumu, ni ya kuvusha nusu saa. Na wingu likishapita fungua kila kitu utoke, maana kilichopenya ndani kinabaki ndani wakati nje kumeshasafika. Hilo la mwisho wengi hulisahau.

Mvuvi Mstaafu

Khanga mbichi sawa. Lakini usiku wa giza mtu atajuaje upepo unakotoka? Sisi tulikuwa tunalowesha kidole.

Mpima Upepo

Kidole kinatosha mzee. Upande unaohisi baridi ndiko unakotoka. Au washa kiberiti... hapana, futeni hiyo, kwa petroli ya Buncefield mngenilaani. Kidole tu.

Kuna mtu kaniomba faragha nimuonyeshe HYSPLIT inavyoendeshwa. Nitaweka picha za hatua kwa hatua hapa hapa kesho, mtandao leo unasumbua.